Tippu Tip aliingiaje kwenye utawala?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mwanangu wa darasa la sita kaandika daftarini kwamba Tippu Tip alikuwa mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa. Mjomba wake anashikilia kwamba alikuwa liwali wa Wazungu huko Kongo. Nani mkweli? – Mama Watatu, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Wote wakweli.

Tippu Tip, jina lake hasa Hamed bin Muhammed el Murjebi, mzaliwa wa Unguja, aliendea bara kwa mali kauli, yaani bidhaa za mkopo, nyingi ya Taria Topan, tajiri wa Kihindi wa hapa Unguja. Nguo, shanga na baruti zilikwenda, pembe zikarudi.

Wengi huanza habari za utawala wake na mwaka 1887. Mimi huanzia Utetera, mashariki ya Kongo. Mtawala wa huko, mzee Kasongo Rushie, alikuwa na dada aliyetekwa zamani. Hamed alikwisha kuisikia habari hiyo, akamwendea mzee na kumwambia: bibi yangu ndiye dada yako. Haikuwa kweli, mwenyewe alikuja kuisimulia hila hiyo uzeeni, kwa Kiswahili chake. Mzee akamkumbatia kama mjukuu, akamwachia nchi. Tangu hapo pembe zililetwa barazani kwake kama haki ya mtawala, hazinunuliwi tena. Kwangu mimi, siasa yake ilianza siku hiyo.

Mwaka 1886 Waarabu waliwafukuza watu wa Mfalme Leopold II wa Ubelgiji kituoni Stanley Falls, Kisangani ya leo. Leopold hakuwa na nguvu ya kukirudisha kwa vita, basi mwaka uliofuata Stanley, msafiri aliyemtumikia Leopold, akaja Unguja na mkataba: Hamed awe liwali wa Falls, mshahara pauni 30 kwa mwezi. Sharti mojawapo lilikuwa azuie biashara ya watumwa. Sharti hilo huniuma kila ninapolisoma. Watu wa Manyema, mashariki ya Kongo, walishuka pwani na kongwa shingoni, pembe begani, na anayekabidhiwa ulinzi wao ni yule yule mwenye misafara.

Alirejea Unguja 1891, hakwenda tena bara. Mwanawe Sefu alipigana na Wabelgiji, akafa 1893. Baba alifia hapa, 1905.

Mlete mjukuu wangu likizo. Nyumba ipo Shangani, utaijua kwa ngazi zake za marumaru nyeusi na nyeupe. Na daftarini aongeze: mtawala wa Utetera, liwali wa Stanley Falls.