Kura ya kangomba

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmetuuliza: je, walimu wawafundishe wanafunzi habari za uchaguzi na kampeni, au siasa ibaki nje ya geti la shule? Mimi nafundisha Uraia sekondari, wilayani Newala, huu ni mwaka wa kumi na nne. Jibu langu ni kwamba wafundishwe, tena mapema, na wajifunze kwa kupiga kura, kuhesabu na kubishana wenyewe. Kukariri hakutoshi.

Hofu ya wazazi naielewa. Wanaogopa mwalimu atawapandikizia watoto chama chake. Sheria ya Vyama vya Siasa ya mwaka 1992, mwaka uleule vyama vingi viliporudi, inakataza chama chochote kufungua tawi shuleni, nami naiunga mkono kwa moyo wote. Mwalimu akiingia darasani na rangi za chama, atolewe. Lakini sheria hiyo haikutukataza kumweleza mtoto diwani ni nani na kazi yake ni ipi. Halafu hilo geti lenyewe siasa inaliruka. Wakati wa kampeni gari la matangazo likipita barabarani, kipindi kizima cha Hesabu watoto wanaimba wimbo wa mgombea chinichini. Siku ya kura madarasa yetu ndiyo vituo, na walimu wengi ndio wasimamizi na makarani. Wanafunzi wakirudi wanakuta orodha za wapiga kura bado zimebandikwa ukutani, wanasukumana kutafuta majina ya mama zao.

Tatizo ninaloliona ni jinsi tunavyolifundisha. Somo hili sekondari tumelizoea kwa Kiingereza. Mwanafunzi anakuandikia sifa za uchaguzi huru na wa haki bila kukosea hata herufi, halafu ukimuuliza kwa Kiswahili nani anahusika na kisima kilichokufa kijijini kwao, anakujibu: Rais.

Siku moja nilikuwa nafundisha rushwa ya uchaguzi, kidato cha tatu, saa saba mchana, jua kali. Nikawaeleza habari ya takrima: kwamba mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilibadilishwa, ikaruhusu mgombea kuwakirimu wapiga kura, na mwaka 2006 Mahakama Kuu ikavifuta vifungu hivyo kwa kuwa vinakwenda kinyume na Katiba. Darasa kimya. Wengine wameshalala. Nikauliza: mgombea akimpa bibi yako kanga na kilo mbili za sukari, ubaya uko wapi? Kijana mmoja wa dawati la nyuma akajibu bila hata kunyoosha mkono:

"Hiyo si kangomba, mwalimu?"

Kwa wasomaji wa mbali, kangomba ni biashara inayoumiza wakulima wa korosho huku kwetu. Mchuuzi anakuja mapema, mikorosho bado ina maua, ndani hamna unga na mtoto anataka sare. Anatoa fedha kidogo, mnaandikishana au mnaaminiana tu, na msimu ukifika anakuja kubeba magunia yake. Jirani zako wanapeleka korosho ghalani na kusubiri mnada, wewe unawatazama. Imepigwa marufuku, watu wanaifanya usiku. Mtoto wa Newala hahitaji kitabu kuijua.

Basi darasa likaamka. Msichana mmoja akasema korosho unapoteza msimu mmoja, kura unapoteza misimu mitano. Wakampigia makofi. Mwingine akabisha: bibi yake alipokea kanga za vyama viwili na kura akampa wa chama cha tatu, sasa huyo bibi kauza nini? Wakagawanyika. Wapo waliosema bibi ni mjanja, wapo waliosema kawafundisha wagombea wote kwamba bila kanga hupati kitu Newala. Tulibishana mpaka kengele ikagonga, nami nikatoka bila kuwapa jibu, kwa sababu sikuwa nalo. Tangu siku hiyo sifundishi takrima kabla ya kuanza na kangomba.

Mnada nao unanisaidia nikifika kwenye kuhesabu kura. Wengi wamewahi kufuatana na babu au mjomba, au wamesimuliwa, jinsi sanduku la zabuni lilivyokuwa likifunguliwa mbele ya wakulima na bei za wanunuzi kusomwa moja moja kwa sauti, na wakulima wakiona bei haifai wanaikataa. Nikiwauliza kwa nini lisifunguliwe ofisini halafu tuletewe bei, wanacheka. Wanajua. Hapo ndipo nawaeleza wakala wa chama anakaa kituoni kufanya nini, na kwa nini matokeo yanabandikwa nje ya kituo.

Kuhusu kampeni, nawapa ahadi moja tu waichambue, nayo ni maji. Sisi tuko juu ya uwanda wa Makonde, maji yanapandishwa kwa pampu kutoka bondeni, na sijasikia mgombea aliyepita hapa asiyeyaahidi. Maswali yangu ni matatu. Hii kazi ni ya nani? Fedha itatoka fungu gani? Mwakani nitaona nini, nikijua kwamba imeanza? La kwanza ndilo linalowatoa jasho. Wanagundua kwamba mbunge hachimbi visima, kazi yake ni kutunga sheria, kupitisha bajeti na kuisimamia Serikali. Kwamba maji vijijini tangu mwaka 2019 yako chini ya RUWASA, yaani Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini. Kwamba diwani anakaa kwenye vikao vya halmashauri ambako mipango ya kata inasemwa. Mwanafunzi mmoja alikwenda kumuuliza mwenyekiti wa kijiji chao maswali hayo matatu. Kesho yake mzazi alikuja shuleni kulalamika. Tulikaa naye chini ya mwembe, nikamwonyesha daftari la mtoto, akalisoma lote, akaondoka bila kuaga vizuri. Sidhani kama nilimshawishi.

Historia naipitia haraka, ila kura tatu siiachi: uchaguzi wa 1958 na 1959, mpiga kura alilazimishwa kuchagua Mwafrika, Mzungu na Mwasia kwa pamoja, akimwacha mmoja kura yake imeharibika. Na siachi kuwaambia kwamba mshindi wa urais wa 1995, uchaguzi wa kwanza baada ya vyama vingi kurudi, Benjamin Mkapa, alizaliwa Lupaso, hapo Masasi.

Sasa niseme la moyoni. Yote hayo hayana maana kama uchaguzi wa shule yenyewe ni wa uongo. Shule niliyokuwa nikifundisha zamani, sitaitaja, wanafunzi walipiga kura ya kiranja mkuu. Tulihesabu ofisini, mlango umefungwa. Msichana mmoja aliongoza kwa mbali. Asubuhi mstarini likasomwa jina la mvulana, eti ndiye mwenye nidhamu. Mimi nilizihesabu kura zile kwa mikono yangu, na pale mstarini nilikaa kimya. Mchana mtoto wa kidato cha kwanza akanifuata na kuniuliza, "Mwalimu, kwani tulikosea kupiga?" Swali hilo sijalisahau, na sitaki kulisahau. Mtoto yule alijifunza uchaguzi siku ile, na waliomfundisha ni sisi.

Kwa hiyo hapa nilipo sasa nimeomba jambo moja kwa walimu wenzangu, na wamelikubali: anayefaa kugombea tumchuje kabla, kwa vigezo vilivyobandikwa, lakini kura zikishapigwa tusizibadilishe. Sanduku letu ni dumu jeupe la lita ishirini lililokatwa juu, ili yaliyomo yaonekane. Wino ni wa muhuri, unapakwa kwenye kidole. Kila mgombea ana wakala. Kura zinahesabiwa uwanjani, juu ya dawati, karatasi moja moja inanyanyuliwa. Mwaka jana ilitokea kura yenye alama ya vema kwa wagombea wawili, mmoja amefutwafutwa kwa kalamu. Mawakala wakaigombania robo saa nzima, wakaishika juani, wakaigeuza. Mwishowe wakakubaliana wenyewe kwamba imeharibika, pamoja na wakala ambaye mgombea wake angefaidika.

Jioni nikaandika matokeo, nikayabandika kwenye ubao wa matangazo, nikaanza kufunga ofisi. Aliyeshindwa, binti wa kidato cha pili, akaja mbio.

"Shikamoo mwalimu. Samahani. Ile karatasi wakala wangu hajaisaini."

Nikaenda kuangalia. Kweli. Nikaibandua, tukamtafuta wakala wake, tukamkuta bombani anakinga maji. Akafuta mikono kwenye sketi, akasoma namba zote kuanzia juu, akasaini. Nikaibandika tena.