Kabla ya Kuuliza Ndege Wana Maana Gani

Niliwahi kujiaibisha mbele ya wenzangu. Tulikuwa tunatazama kwenye simu mchoro wa msanii Mfaransa Charles Meryon wa mwaka 1854, Le Pont-au-Change: daraja la Paris, mto Seine, mashua, na angani kundi la ndege weusi. Nikajifanya mjuzi. Ndege ni uhuru, nikasema, ni roho zinazopaa. Mwenzetu mmoja akafungua nakala ya awali zaidi ya mchoro huohuo. Ndege hawamo. Angani kuna puto kubwa lililoandikwa SPERANZA, yaani Tumaini kwa Kitaliano, na mtoni mtu anazama huku amelinyoshea mikono.

Nikaufyata.

Tangu siku ile, anayeniuliza aanzie wapi kuisoma michoro ya Meryon namwambia aachane kwanza na orodha za "alama na maana zake". Atafute chapa za mchoro uleule, yaani nakala zilizochapwa, za awali na za baadaye, aziweke sambamba. Michoro hii huanzia kwenye bamba la shaba lililopakwa nta; msanii anachora kwa sindano, tindikali inakula palipochorwa, kisha bamba linatiwa wino na kukandamizwa kwenye karatasi. Kufuta hapo si kama kufuta penseli. Unaikwangua shaba, unaisugua, pengine unaigonga kwa nyuma mpaka uso ukae sawa. Na kwa kuwa karatasi hutoa picha kinyume, neno SPERANZA lilibidi lichorwe kinyumenyume, herufi kwa herufi. Mtu hasumbuki hivyo halafu akalifuta kwa kupitiwa tu. Baada ya ndege, alirudi tena akajaza maputo madogo madogo. Mimi sasa ndege wale nawasoma kama mahali tumaini lilipokwanguliwa.

Utaambiwa pia kwamba Meryon alikuwa mgonjwa wa akili, basi yameisha. Ni kweli alilazwa Charenton, hospitali ya wagonjwa wa akili karibu na Paris, mwaka 1858, na huko ndiko alikofia mwaka 1868. Lakini alikuwa pia ofisa wa jeshi la majini aliyefika hadi New Zealand, na macho yake hayakutofautisha rangi vizuri, ndiyo maana akashika weusi na weupe. Jibu la "kichaa" ni uvivu.

Na si kila kitu ni fumbo. La Morgue, mchoro wake mwingine wa mwaka 1854, unaonyesha nyumba ya maiti iliyokuwepo kweli kando ya Seine. Maiti imetolewa mtoni inabebwa, mwanamke analia, na juu ukutani watu wamejipanga wanatazama. Pale mimi huikuza picha tu, nikahesabu vichwa.