Hiyo fimbo usiingie nayo darasa la kwanza

Mdogo wangu, unasema unaripoti Jumatatu, umepangiwa darasa la kwanza lenye watoto zaidi ya mia, na kuna mwalimu kakwambia uingie na fimbo, usicheke nao, wakikuzoea watakupanda kichwani. Usithubutu! Maneno hayohayo niliambiwa mimi mwaka 2016, mwaka ulioanza elimu bila malipo, watoto wamejaa hadi sakafuni.

Nilikuwa na watoto 128. Nikaingia na fimbo ya mpera, nikaigonga mezani, wakanyamaza, nikajiona mwalimu. Wiki ya pili, tuko kwenye ba be bi bo bu, mtoto wa dawati la mbele akasimama amebana miguu. Nikamwambia kaa. Akakaa. Mara mkojo ukachuruzika chini ya dawati, ukapita kwenye vumbi hadi karibu na kiatu changu. Hakuna mtoto aliyecheka. Watoto wa miaka sita na saba, darasa zima, hakuna hata mmoja aliyecheka! Wote macho kwenye mkono wangu wenye fimbo.

Kesho yake hakuja. Wiki tatu hakuja. Nilipofika kwao Jumamosi, bibi yake akaniambia, "Mwalimu, anasema haendi, shuleni kuna mtu." Hakusema mwalimu. Alisema mtu.

Mwalimu aliyenishauri niingie na fimbo, nilipomsimulia alijibu, "Watazoea." Hilo sijamsamehe mpaka leo. Kafundisha miaka na miaka, anajua fika kanuni za viboko za mwaka 2002 zinamruhusu mwalimu mkuu, au aliyemteua kwa maandishi, na kila adhabu iandikwe kitabuni. Lakini mwalimu mgeni anamkabidhi fimbo kama anamkabidhi chaki!

Sasa nishike hapa: kabla hujafundisha chochote, jua majina. Simama mlangoni asubuhi, shikamoo zao uziitikie kwa jina, leo safu hii, kesho ile. Ukikosea watakusahihisha, na wanapenda mno kukusahihisha. Mtoto unayemwita kwa jina ataomba ruhusa ya kwenda chooni. Atakwambia hajaelewa. KKK yote, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, inaanzia hapo, maana anayekuogopa hawezi kukuonesha kwamba herufi hii haijui. Mia si wengi kwa majina, ndani ya wiki mbili unawamaliza.



Yule mtoto alirudi baada ya mimi kukaa naye mkekani kwao Jumamosi mbili, tukihesabu vizibo vya soda. Mwezi wa nane akanifuata wakati wa mapumziko na andazi la bibi yake lililofungwa kwenye gazeti. Kidole kina mafuta, kakiweka juu ya tangazo: "Ba... ti. Mwalimu, bati!" Akatazama juu, kwenye paa la darasa letu, akacheka mpaka andazi likamdondoka.