Shangazi Anajibu: Nimepewa meza ya mboga kwenye maonesho ya kijiji

SWALI: Shangazi, shikamoo. Mimi ni Mtanzania, nimeolewa Uingereza na tunaishi kijijini huku Herefordshire. Kila Agosti kijiji hufanya maonesho ya maua na mazao, na safari hii kamati imeniomba nijitolee kusimamia meza ya mboga na kuongozana na jaji anapopita kukagua. Nimekubali, lakini usingizi umenipaa. Sijui jaji anatazama nini hasa. Mwaka jana jirani yangu aliweka nyanya sita nzuri mno, kumbe kijitabu cha kanuni za mashindano kilitaka tano, basi akatolewa kwenye mashindano hapo hapo. Naona ni uonevu. Na mimi nitatakiwa kuwafanyia watu hivyo? Halafu bustanini nina mchicha uliostawi vizuri, naweza kuushindanisha? Na nikivaa kanga siku hiyo, itafaa? – Msomaji, Herefordshire

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera kwa kukubali. Mimi nimezaliwa Lushoto, kwenye baridi ya karoti, kabichi na plamu, na tangu nihamie huku meza ya mboga ya kijiji chetu ndiyo kazi ninayoipenda kuliko zote za kiangazi. Kwa hiyo umemfikia mtu wake.

Nianze na nyanya sita, maana ndizo zinazokukosesha usingizi. Si uonevu. Kijitabu kinaposema tano, kinamlinda bibi aliyeotesha miche mitatu kwenye ndoo mlangoni kwake asije akapambanishwa na mwenye nyumba ya vioo aliyevuna debe zima. Tano kwa tano, hapo wamekuwa sawa. Jaji akikuta sita ataandika kwenye kadi N.A.S., yaani kijitabu hakikufuatwa, na atapita hata kama ni nyanya bora kuliko zote hemani. Hana ruhusa ya kuhurumia.

Lakini wewe unayo, mwanangu. Watu huleta vitu vyao asubuhi, na hema hufungwa saa nne au karibu na hapo ili jaji aanze. Kabla ya kufungwa, pita meza yako yote na kijitabu mkononi ukihesabu sahani moja moja. Ukiona sita, mtafute mwenyewe: "Mama, hapa imezidi moja." Ataitoa, na atakushukuru mwaka mzima. Wasimamizi wengi hudhani kazi yao ni kumbebea jaji kalamu. Kazi kubwa ni hiyo ya kabla hajafika. Ile sahani ya jirani yako ilipaswa kuonwa na mtu asubuhi, na hilo ndilo linaloniuma katika barua yako.

Ijumaa jioni utakuwa na shughuli za mikono tu: kusimamisha hema, kupanga meza, kutandika karatasi nyeupe, kuweka namba za makundi kwa mpangilio wa kijitabu. Acha nafasi kubwa kwenye vitunguu na maharage, kwa sababu ndiko wengi hujazana. Beba mkasi, kitambaa kibichi na kalamu za ziada.

Sasa jaji. Majaji wengi hufuata mwongozo wa RHS, chama cha bustani kilichoanzishwa London mwaka 1804. Humo kila zao lina alama zake za juu kulingana na ugumu wa kulilima vizuri: viazi na vitunguu vikubwa ni 20, figili ndogo za saladi ni 10. Usidhani ukubwa ndio kila kitu. Anachotafuta kwanza ni vitu vinavyofanana. Viazi vitano vya wastani vilivyo kama pacha humshinda mwenye viazi vinne vya ajabu na kimoja kidogo.

Simama karibu uangalie mikono yake. Harage refu analivunja katikati asikie kama linalia; likipinda tu, limezeeka. Bitiruti anaikata aone kama ndani ni nyekundu tupu au ina miviringo myeupe. Nyanya lazima ziwe na vikonyo vyake vya kijani, vibichi. Kitunguu kinakatwa shingo, kinafungwa vizuri kwa uzi wa rafia, na hakimenywi maganda hadi kikawa cheupe. Viazi huoshwa kwa sponji laini na maji mengi, bila brashi, kwa kuwa brashi huacha mikwaruzo inayoonekana jaji anapovigeuza. Ukimwona mtu amevileta mapema, mwambie avifunike kwa taulo hadi wakati wa kukagua, mwanga usije ukavifanya vya kijani. Njegere ndizo zinazonipendeza zaidi. Ganda lake lina unga mwembamba wa asili, kama vumbi la fedha, na kila kidole kinachogusa huacha alama. Mkulima makini huchuma kwa mkasi na kushika kikonyo tu, tangu shambani hadi kwenye sahani. Na wewe ukihitaji kusogeza sahani ya njegere, shika sahani.

Jaji akiwa kazini, funga mdomo. Kadi za washiriki hulala kifudifudi ili majina yasionekane, na wewe ambaye umewaona watu wakipanga asubuhi unajua nani kaleta nini. Usiseme, usitabasamu, usikohoe. Akishaamua ndipo unazigeuza na kubandika: nyekundu kwa wa kwanza, buluu wa pili, njano wa tatu. Kagua mara mbili kabla hujabandika.

Kuhusu mchicha, lete! Tafuta kwenye kijitabu kundi la "mboga nyingine yoyote". Soma idadi: wakisema vitatu, weka mashina matatu yanayolingana kwa urefu, wala usiweke fungu la sokoni. Mchicha hunyauka upesi, kwa hiyo ung'oe alfajiri na mizizi yake, uuache kwenye ndoo ya maji kivulini, kisha uukate na kuupanga dakika za mwisho. Andika kikaratasi: mchicha, majani ya kupikwa. Jaji anaweza kuwa hajawahi kuuona shambani, na hawezi kupima asichokijua ni cha kuliwaje. Ila kwa kuwa wewe ndiye msimamizi wa mboga, mweleze katibu mapema kwamba unashiriki, ili kundi hilo moja mtu mwingine aongozane na jaji. Huko nyumbani Nane Nane huwa majira haya haya, kwa hiyo wapigie picha ndugu zako waone nawe umo.

Mshiriki akija na hasira baada ya matokeo, usibishane naye. Vijitabu vingi vina saa ya mwisho ya kuwasilisha malalamiko kwa maandishi. Mwoneshe ukurasa huo, mpeleke kwa katibu. Na usikubali mtu akudanganye ili aondoe sahani yake kabla ya saa ya kufunga. Wageni wamelipa kiingilio waone meza zilizojaa.

Kanga vaa, tena ile nzuri. Lakini Agosti ya huku hainyimi mvua, na nyasi za hemani ikifika mchana huwa tope, kwa hiyo chini uwe na mabuti ya mpira, na juu yake aproni yenye mifuko miwili: mmoja wa mkasi, mwingine wa kijitabu.