Usiniulize Dawa Nitaiacha Lini

Swali hili nimeulizwa na ami yangu, na jirani, na muuza kahawa wa mtaani kwetu Barani, hata na mwenzangu tuliyekuwa tukivuta pamoja: "Hiyo methadoni utaiacha lini?" Methadoni ni dawa ya kunywa tunayopewa kliniki sisi tuliokuwa tukitumia unga, yaani heroini, ili tuweze kuukaa mbali. Wengi huuliza kwa nia njema. Mimi niliwahi kulijibu kwa vitendo, na jibu lenyewe nusura linipeleke kaburini. Ndiyo maana nawaandikia nyinyi mnaoanza kunywa dawa sasa, na mama zenu.

Unga niliuanzia baharini, kwa kokteli: punje kidogo ndani ya msokoto wa bangi, kwa kuwa usiku wa kuvua ni mrefu. Miaka iliyofuata sina haja ya kuisimulia. Sufuria za mama ziliuzwa, mnaijua hadithi. Niseme tu habari ya arosto, yaani mateso ya kuukosa unga. Usiku mmoja upite bila kete ya unga, pua inachuruzika, miayo haikatiki, tumbo linakwenda mbio, mifupa kama inakerezwa msumeno. Kufikia hapo raha ilishasahaulika zamani. Unaiba ili upate kusimama wima.

Malindi ilipata kliniki ya methadoni mwaka 2015, miongoni mwa za mwanzo nchini Kenya. Watu hudhani unaingia tu na kunyweshwa. Siyo. Kwanza nilikaa na washauri nasaha, nikatakiwa nije na mtu wa nyumbani (alikuja mama, na baibui lake la sikukuu), nikapimwa mkojo, HIV, homa ya ini na TB. Kisha kikombe cha kwanza, unakinywa mbele ya mhudumu na kusema neno ajue umemeza.

Kilikuwa kidogo, nikalalamika. Siku ya kwanza huwa hawapiti miligramu 30, na sababu yake niliielewa baadaye. Methadoni hukaa mwilini zaidi ya siku nzima, kwa hivyo ya leo inaikuta ya jana bado ipo, na ya kesho itazikuta zote mbili. Wewe unahisi arosto haijaisha, kumbe dawa inajikusanya polepole. Ukikosa subira ukaongeza unga, pombe au bugizi, vile vidonge vya kulewesha usingizi, juu yake, pumzi husimama ukiwa usingizini. Wiki mbili za mwanzo ndizo za kuogopwa kuliko zote. Baada ya hapo wanapandisha kidogo kidogo, na wengi hutulia kati ya miligramu 60 na 120. Mimi nilitulia kwenye 85. Usishindane na mwenzako eti yeye yuko 110. Hii si mbio za ngalawa.

Taabu ilikuwa kazi. Kikombe ni cha kila siku, asubuhi, Ijumaa na sikukuu zikiwemo, na mvuvi wa kaskazi huenda dago, kambi ya wavuvi ya mbali, akakaa huko wiki kadhaa. Dago na methadoni havikai pamoja. Nililia, msinicheke, maana bahari ndiyo kitu pekee nilichokijua. Fundi mmoja mzee akanichukua ufuoni kukalafati mashua, kazi inayoanza jua likishapanda, na ndiyo kazi yangu hadi leo. Tafuta kazi inayokubaliana na saa za kikombe mapema, kabla njaa haijakuchagulia. Na Ramadhani zungumza na kliniki, na sheikh anayekujua, mwezi haujaandama. Siku ya kwanza ya mfungo ni kuchelewa.

Basi, mwaka na miezi kadhaa ukapita, nimenenepa, nimeoa. Ami akaniambia, "Umemwacha shetani ukamfuata nduguye. Kuwa mwanamume." Nikaona haya. Sikumwambia daktari wala mama. Nikaacha siku moja, ghafla.

Arosto ya methadoni huja taratibu na haiondoki upesi. Siku ya tisa sijalala, miguu inaruka yenyewe, nikaenda maskani. Nikatumia kipimo changu cha zamani. Mwili ulikuwa umeshakisahau. Wenzangu walinikuta nakoroma koromo lisilo la usingizi, midomo imegeuka rangi, wakanipakia kwenye tuktuk. Hospitalini nilidungwa naloksoni, dawa ya kumzindua aliyezidiwa na unga, nikazinduka nikitukana. Nikataka kuondoka, wakanizuia, na walikuwa na haki: naloksoni huisha nguvu mapema, na unga uliobaki mwilini unaweza kukurudisha chini.

Anayetaka kushuka ashuke na kliniki yake, miligramu chache kwa wakati, miezi kwa miezi, na arosto ikirudi asimame pale pale alipo. Wapo walioshuka wakamaliza. Wapo watakaokunywa miaka mingi. Na ukikosa siku tatu mfululizo, sema kweli unaporudi, wakupunguzie. Uongo wa "nilikunywa jana" unaweza kukuua.

Mengine ni madogo ila yasemwe. Choo kitakuwa kigumu, jasho litakutoka, hamu ya chumbani hupungua. Mwambie daktari, naye amesikia makubwa kuliko hayo. Ukiandikiwa dawa za TB au za HIV, waambie unakunywa methadoni, kwani baadhi huimaliza nguvu mapema na arosto ikarudi ukadhani dawa imechakachuliwa. Na dada mwenye mimba asiache kwa hofu. Kuacha ghafla ni hatari zaidi kwake na kwa mtoto, na mtoto akizaliwa na arosto, hutibiwa.

Kwa wanaosema nimebadilisha uraibu kwa uraibu: nilipokuwa teja sikujua bamvua, siku maji yanapojaa sana, wala maji mafu, yanapojaa kidogo, mimi mwana wa mvuvi. Nilijua saa ya kete tu. Sasa nakunywa kikombe, napita kununua mahamri na mbaazi, na nikifika ufuoni najua maji yatajaa saa ngapi.

Wiki iliyopita ami alinikuta chini ya mashua yake, pamba na nyundo mkononi. Aliizunguka, akagonga ubao mmoja, akagonga wa pili. Nikangoja lile swali. Akauliza kama itakuwa tayari kabla ya bamvua.