Akili Yangu Haitulii Ninapotafakari

SWALI: Ndugu Mshauri, daktari wangu alinishauri nijifunze kutafakari kila siku ili nipunguze msongo wa mawazo unaonisumbua tangu nilipohamishiwa kitengo kipya kazini. Kila alfajiri ninakaa kimya, ninafumba macho na kufuata pumzi yangu kama nilivyoelekezwa, lakini hazipiti dakika mbili kabla akili haijakimbilia ada za watoto, marejesho ya mkopo wa kikoba na ujumbe ambao sijaujibu. Nikijikaza nisiwaze lolote, mawazo ndiyo kwanza yanazidi. Je, yawezekana jambo hili limenishinda kabisa?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, halijakushinda. Mwaka 2010 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Harvard, Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert, walichapisha matokeo ya utafiti ambao ulitumia simu kuwauliza watu wazima 2,250, kwa nyakati za kushtukiza, walikuwa wakifanya nini na kuwaza nini. Karibu asilimia 47 ya majibu yalionyesha kwamba mtu alikuwa akiwaza jambo jingine kabisa, si lile alilokuwa akilifanya. Hao walikuwa kazini, njiani na mezani wakila, sembuse wewe uliyekaa kimya bila shughuli yoyote ya kukushika.

Acha kujikaza usiwaze. Kutafakari kwa kufuata pumzi hakumtaki mtu awe na akili tupu, bali kunamtaka agundue kwamba akili imeondoka, kisha airudishe kwenye pumzi bila kujikaripia. Zoezi lenyewe liko hapo pa kugundua na kurudi, kwa hiyo asubuhi ambayo umerudi mara nyingi hukupoteza muda.

Kwa anayeanza, msaada ninaouamini zaidi ni kuhesabu. Iache pumzi iende kwa mwendo wake, nawe uhesabu moja unapomaliza kuitoa, mbili unapoitoa tena, hadi ufike kumi, ndipo urudi kwenye moja. Buddhaghosa, mwanazuoni wa Kibudha aliyeandika nchini Sri Lanka katika karne ya 5, alielekeza kwamba hesabu isikatizwe kabla ya tano wala isivuke kumi, kwa sababu ikiwa fupi mno akili huhangaika kwa kubanwa, na ikiwa ndefu mno akili hushika namba na kuiacha pumzi. Ukishtuka uko kwenye kumi na tatu, au hujui umefika wapi, anza tena na moja. Hesabu iliyopotea ndiyo inayokujulisha kwamba ulikuwa umeondoka.

Kuhusu muda, wengi hujivunja moyo kwa kuiga mafunzo ya wiki nane ambayo Jon Kabat-Zinn aliyaanzisha mwaka 1979 katika Chuo Kikuu cha Massachusetts nchini Marekani, ambamo mshiriki huombwa afanye mazoezi ya takriban dakika 45 kwa siku. Hao wana mwalimu na wenzao. Wewe uko peke yako, hivyo dakika tano hadi kumi zinakutosha kwa sasa. Kiti cha kawaida kinafaa, mradi mgongo umenyooka na nyayo zinagusa sakafu. Usingizi ukikunyemelea, fumbua macho kidogo na utazame chini mbele yako, kama wafanyavyo Wabudha wa Zen.

Ada na marejesho, hata hivyo, si mawazo ya bure: yana tarehe zake na yanadai hatua. Yaandike kwenye karatasi kabla ya kukaa, pamoja na siku utakayoyashughulikia, na ujumbe ule unaoweza kujibiwa kwa sentensi moja ujibu kwanza. Kisha tega kengele ya simu, zima data, na uiweke simu mbali na mkono.

Ikiwa kukaa kimya kunakuletea hofu kali, au kunaamsha kumbukumbu zinazokutesa, usiendelee kwa kujilazimisha. Mweleze daktari aliyekupa ushauri huu, kwani huenda akakupangia njia nyingine ya kukabiliana na msongo huo.