Roundcube inafunguka ofisini tu, nje haifunguki

Mkuu, kama Roundcube (programu ya kusomea barua pepe kwenye kivinjari) inafunguka ofisini kwa 192.168.1.10, anwani ya seva ndani ya mtandao wa ofisi, lakini ukiwa nyumbani kimya, kwa kawaida seva haina kosa. Anza na ruta: tazama IP ya upande wa WAN, yaani upande unaoelekea intaneti. Ikiwa kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255, mtoa huduma amewarundika wateja wengi nyuma ya anwani moja, na hata ufungue poti ngapi hutafika popote. Omba IP ya umma isiyobadilika, ingawa kwa kawaida hulipiwa zaidi.

Ukishaipata, elekeza rekodi ya A ya domeni (ile ya DNS inayounganisha jina na IP) kwenye IP hiyo, kisha kwenye ruta peleka poti 443 (HTTPS) na 80 (HTTP) kwa 192.168.1.10. Hiyo 80 wengi huiruka. Certbot, programu inayochukua na kuhuisha cheti cha HTTPS kutoka Let's Encrypt, kwa njia yake ya kawaida huitumia kuthibitisha domeni, na cheti cha Let's Encrypt kwa kawaida hudumu siku 90. Ukiifunga baada ya kusakinisha, cheti hakitahuishwa na watu wataanza kuona onyo la usalama. Poti 143 (ya IMAP, ya kusomea barua) usiifungue nje kabisa: Roundcube huongea na Dovecot, programu inayotoa barua hizo, humohumo ndani ya seva.

Jaribu kwa data ya simu, Wi-Fi ikiwa imezimwa. Ruta nyingi za bei nafuu hazirudishi ndani ombi lililotoka ndani kwenda IP yako ya umma, kwa hiyo utahangaika bure kumbe mambo yako sawa.

Halafu futa folda ya installer ya Roundcube, na weka fail2ban (hufungia IP zinazokosea nywila mara kwa mara) siku hiyohiyo. Wabahatishaji wa nywila hawachelewi.